Yeyote Mwenye Linki

Bulembia, Kasese
Jumanne, 4 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Vasta,

Wabukire. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba Kasim wa gari la samaki hakuilaza chini ya ngege wake. Aliniapia kwamba ataiweka kwenye kabati la gari, lakini wewe nusa kwanza ndipo usome. Sisi huku tuko salama. Baba magoti yanamsumbua kila mawingu yakikaa juu ya mlima, na bado anabisha kwamba ni baridi ya mto, si uzee. Anauliza kwa nini dada yake hapatikani kwenye simu tangu Novemba. Nami nauliza hilohilo. Kama umeibiwa sema, tukununulie nyingine.

Kazini mambo yamebadilika, na kwa mara ya kwanza nimejivunia kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Unajua shirika letu linasaidia watu waliovuka mpaka kutoka Beni na Butembo wakakataa kwenda kambini, wakalala kwa ndugu na marafiki hapo Bwera. Zamani tulizunguka nyumba kwa nyumba na karatasi, mimi nakaa wiki nzima najumlisha, halafu namtumia kila mwenzangu ripoti yake kwa barua pepe. Wa Kampala anasoma ya wiki jana, wa Fort Portal anasoma ya mwezi jana, wakikutana wanagombana kama watu walioangalia mechi mbili tofauti. Sasa nimeunda dashibodi. Ni ukurasa mmoja wa mtandaoni wenye ramani ya Bwera nzima, na kila nyumba yenye mgeni ni nukta nyekundu. Ukiibonyeza nukta unaona wako wangapi, wana umri gani, nani mgonjwa, nani hana blanketi. Nobert, mwenzetu anayekusanya habari huko kwenu, akijaza tabuleti yake mchana, saa kumi na mbili jioni ramani inajisasisha, na wenzangu wote wanaona kitu kilekile kwa kufungua linki moja. Bosi wetu, Bi Akumu, alinipigia makofi mbele ya watu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nobert amekuja kwako mara mbili. Mara ya kwanza ulimwambia unaishi na kuku. Mara ya pili ulimwambia kuku wamelala. Shangazi, alisikia mwanaume akikohoa chumba cha nyuma. Sikuulizi ni nani. Nakwambia tu kwamba blanketi, sabuni na dawa zinafuata nukta, na nyumba yako haina nukta. Kama unaogopa majina, usiogope. La ubatizo na la ukoo hatuyaweki. Tunaacha lile la zamu ya kuzaliwa tu, Kakule, Masika, Baluku, ili tusimhesabu mtu mara mbili. Bi Akumu ni mtu wa mashariki, hajui desturi zetu, akaniuliza kama jina hilo haliwezi kumtambulisha mtu. Nilicheka. Nikamwambia kwetu kila mtoto wa kiume wa nne ni Kakule, ukiita jina hilo sokoni watageuka ishirini.

Mficha maradhi kifo humuumbua, shangazi. Mfungulie Nobert.

Mtoto wa kaka yako,
Evas


Bwera
Ijumaa, 21 Februari 2025

Evas mwanangu,

Nimenusa. Ni ngege. Mwambie Kasim kabati la gari lake linahitaji ubatizo.

Hapa tuko wazima, uzima wa kujikongoja. Maharage mapya hayajashuka kutoka mlimani, nauza ya mwaka jana yenye wadudu na kuwaambia wateja nimewaongezea nyama bila malipo. Jirani yangu Laurentine, yule wa Butembo anayeuza vitenge, amejifungua mtoto wa kike. Wametimia watatu, na mume wake bado haonekani mchana. Mwambie kaka yangu ni uzee. Mimi ni mdogo wake na magoti yangu yameshakiri.

Simu sikuibiwa. Laini niliitupa chooni kwa mkono wangu na simu yenyewe nikampa mtu wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka. Usiniulize. Wala usinipigie kwa simu ya jirani. Ukitaka kusema nami andika, maana karatasi ikinifikia najua imepita mikononi mwa nani. Wako, wa Kasim, wangu, basi.

Huyo Nobert wako ana adabu, ana kizibao kizuri cha buluu, na ana masikio marefu kupita kiasi. Aliyekohoa ni jogoo.

Umenisimulia mengi kuhusu hiyo ramani, ila moja umeliruka. Nani anaiangalia? Naona umeandika wenzangu, wenzangu. Mimi nimeuza maharage pande zote mbili za mpaka miaka thelathini, na wenzangu wa sokoni nawajua kwa majina, na waume zao, na wale wanaosema ni waume zao. Nitajie wa kwako, mmoja mmoja. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini mtungi wako wewe naona umeuwekea kata nyingi.

Mimi shangazi yako,
Vasta


Bulembia, Kasese
Ijumaa, 7 Machi 2025

Mpendwa Shangazi,

Nimesoma barua yako kwa sauti na baba amecheka mpaka akasahau goti. Pale pa uzee nilipapunguza makali. Mtoto wangu ameanza shule ya chekechea, analia akipelekwa na analia akirudishwa. Mvua zimetuanza huku, nadhani na kwenu.

Umeniuliza majina. Kuna Bi Akumu, Nobert na wenzake wanne, watatu wa Kampala, mmoja wa Fort Portal, daktari wa zahanati, wafadhili wawili wa ng'ambo, na mimi. Kumi na wanne. Mwanzoni nilimwalika kila mmoja kwa barua pepe yake, ikawa vurugu. Mmoja kasahau nywila, mwingine anatumia barua pepe ya mkewe, wa Bwera wanatumia simu moja watu watatu. Kila asubuhi napigiwa, Evas, imeninyima ruhusa, Evas, imenikataa. Nikachoka. Nikabadilisha mpangilio, sasa yeyote mwenye linki anafungua. Anaona tu, hawezi kugusa kitu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenisumbua, na kazi inakwenda. Chombo chenyewe kinanihesabia waliofungua. Wiki jana kilifunguliwa mara mia tatu. Nilijiona kama mtangazaji wa redio.

Shangazi, huyo jogoo wako huu ni mwezi wa pili anakohoa, na sasa ni mvua. Zahanati inatoa dawa kwa walio kwenye orodha. Mimi ndiye ninayeitunza orodha hiyo. Unamwamini Kasim na samaki wake, unashindwa kuniamini mimi uliyenifundisha kusoma?

Wako,
Evas


Bwera
Jumanne, 25 Machi 2025

Mwanangu,

Salamu kwa kaka yangu na kwa huyo mtoto anayelia pande zote mbili, kama mimi nikitozwa ushuru daraja la Mpondwe. Huku mvua imebomoa ukuta wa choo na mto Lhubiriha umepanda hadi kwenye migomba. Sisi ni wazima.

Jogoo alizidiwa. Ijumaa ile barua yako ilipofika alikuwa akitetemeka chini ya magunia matatu, na mimi nikasema Vasta, kiburi chako kitamzika mtoto wa watu. Nikamfungulia Nobert.

Sasa nitakuandikia, na ukishasoma uchome. Anaitwa Mbusa. Ni mtoto wa Aimée, niliyeuza naye maharage pale darajani kabla wewe hujazaliwa. Aimée alijaliwa wanaume sita, na huyu ni wa sita. Septemba mwaka jana watu wenye silaha waliingia kijijini kwao upande wa Beni. Sitaandika walichofanya. Mbusa alikuwa juu ya mti wa parachichi na aliwaona. Wote walijifunika nyuso isipokuwa mmoja, na huyo mmoja Mbusa anamjua, miaka miwili alikuwa akinunua kakao yao. Siku hizi anakunywa chai Kasindi mchana kweupe, na watu wanampisha kiti. Hakuna mwingine aliye hai anayeweza kumnyooshea kidole. Kaka yake Mbusa alipatikana kwa sababu ya simu moja aliyoipokea. Ndiyo maana laini yangu iko kinakokwenda kila kitu cha chooni. Kambini alikaa siku tatu, akasikia mtu anapita kwenye mahema akiuliza nani hapa ni wa Aimée. Akaja kwangu kwa miguu.

Nobert aliandika Mbusa, mwanaume, miaka ishirini na minne, kutoka upande wa Beni, anakohoa, analala chumba cha nyuma. Dawa zililetwa tarehe 17. Na blanketi mbili. Sasa anakaa, anakula bundu, ugali wetu wa muhogo, na anaziba paa langu kwa ndani kwa sababu nje simruhusu. Wasingya, asante mwanangu. Ulikuwa na haki.

Lakini kuna hesabu haijanikalia sawa. Watu kumi na wanne, mara mia tatu kwa wiki. Wana kiu gani hao?

Mimi,
Vasta


Bulembia, Kasese
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi,

Nimefurahi sana kusikia kuhusu mgeni. Baba hajambo. Mtoto hajambo. Barua nimeichoma.

Samahani nimechelewa kujibu, tuna pilikapilika za wafadhili watakaotutembelea tarehe 2 Mei. Nina swali dogo la kikazi. Hapo kijijini kwako, kati ya waliovuka, unawajua akina Mbusa wangapi? Nataka kuhakikisha hesabu tu.

Uliuliza kuhusu kiu. Nimechunguza. Wengi ni wenzetu, wanafungua mara nyingi kwa siku. Kuna mmoja simjui, simu yake imewekwa Kifaransa na anafungua akiwa nchi ya upande wa pili. Anafungua kila siku mara tu ramani ikishajisasisha. Pengine ni mtu wa shirika rafiki la kule. Nilimwomba Bi Akumu tufunge linki kwa muda, akasema wafadhili wanaitumia hiyohiyo, tukiifunga sasa watadhani tunaficha kitu, tungoje wapite. Ana hoja.

Sikutii hofu. Ila mgeni wako asiwe anasimama mlangoni.

Wako,
Evas


Bwera
Jumanne, 22 Aprili 2025

Evas,

Pasaka ilipita salama, nakushukuru kwa sukari. Laurentine aliniletea samaki, nami nikampa maharage, tukasali pamoja ingawa yeye ni wa misa na mimi ni wa ngoma za kanisa letu.

Unanijua, mimi sitishiki ovyo. Leo nimetishika.

Asubuhi sokoni alisimama mtu mbele ya meza yangu. Kijana, safi, viatu vya ngozi. Akasema nimpimie debe zima. Nikapima. Akalipa nilichotaja, hakupunguza hata kidogo, na nilikuwa nimetaja bei ya kumchokoza. Miaka thelathini, Evas, sijaona mtu wa mpaka huu akilipa bei ya kwanza. Nikajua hakuja kwa maharage. Akainama kama anayefunga gunia, akaniuliza kwa sauti ya upole, "Mama, ile mutoto ya sita, kikohozi yake iko napona?"

Nikamwambia sina mtoto wa sita, sina hata wa kwanza, sikuzaa. Akatabasamu. "Basi musalimie," akasema, na akaondoka. Maharage aliyaacha pale mezani.

Mambo ya kikohozi nimemwambia mtu mmoja tu hapa duniani, ukiondoa wewe. Nikafunga meza, nikamtafuta Nobert, nikamkuta penye kibanda cha vocha, nikamwambia mbele ya watu kwamba ameuza damu ya mtoto wa rafiki yangu, na akikanyaga tena kwenye lango langu nitampasua kichwa. Aliapa kwa watoto wake. Mwizi gani asiyeapa?

Mbusa nimemweleza. Amevaa viatu, na amekaa navyo kitandani mchana wote akiangalia ukuta.

Kasim anaondoka sasa, nampa barua hii mkononi. Lile swali lako la akina Mbusa wangapi, sikulipenda nilipolisoma na leo silipendi zaidi. Nakuuliza wewe uliyesoma. Ni Nobert, au si Nobert? Jibu kwa neno moja.

Vasta


Bulembia, Kasese
Alhamisi, 24 Aprili 2025

Shangazi,

Si Nobert. Ni mimi.

Nisome mpaka mwisho. Nilikwambia wanaoona ni watu kumi na wanne. Sikukwambia kwamba Januari nilibandika linki kwenye kundi la WhatsApp la uratibu wa mpaka, ili nisimtumie mmoja mmoja. Kundi lile lina namba mia na themanini. Nyingi hazina jina, na kila mmoja anaweza kumrushia mwingine. Nilijua tangu mwezi wa tatu kwamba kuna mgeni anayefungua. Mwanzoni niliona fahari.

Sikukwambia pia anachobonyeza. Anaanza na kijiji chako. Halafu wanaume. Halafu miaka ishirini hadi thelathini. Nimefanya kama yeye na nimeona anachokiona. Wanabaki akina Kakule watano, Baluku kumi na mmoja, na Mbusa mmoja. Niliyemcheka Bi Akumu ni mimi Mukonzo, mtu wa desturi hizi, na ningepaswa kujua. Kakule ni wengi kwa sababu akina mama wengi wanafikisha wanaume wanne. Wa sita, akina Mbusa, ni wachache. Mtu wa Kampala akisoma Mbusa anaona jina. Mtu wa kwetu akisoma Mbusa anahesabu watoto wa Aimée. Niliyemficha nilimficha machoni pa wageni, na anayemtafuta si mgeni.

Linki nimeifunga asubuhi hii bila kumuuliza Bi Akumu. Sasa hivi nitampigia Nobert aje akwambie umhamishe Mbusa. Apelekwe Mahango, kwa mjomba anayelima kahawa, unamjua, simtaji. Asipite barabarani. Asikae kwako hata siku moja zaidi.

Nakupigia magoti.

Evas


Bwera
Jumanne, 6 Mei 2025

Evas,

Nakusalimu kwa sababu ulilelewa kwa salamu. Msalimie kaka yangu.

Barua yako ya tarehe 24 imenifikia leo. Kasim hana kosa. Ziwa lilifungwa, ufukweni Hamukungu haukutoka hata mtumbwi mmoja, na gari lisilo na samaki haliji Bwera. Barua ilikaa kwenye kabati lake siku kumi na mbili.

Nobert alikuja, Ijumaa tarehe 25. Alisimama nje ya lango akasema, mama, Evas anasema mgeni aondoke leo. Nikatoka na mchi wa kinu. Nikamwambia, nenda ukawaambie waliokununua kwamba Vasta hatoi mtu nje ya nyumba yake ili wamkamate njiani. Ndivyo nilivyofikiri, kwamba wanataka nimtoe. Mvua ilikuwa inanyesha na yule mtu alisimama pale mpaka alasiri, akiniita mama, mama, na mimi nikafunga dirisha. Nilimfukuza mtu mwema. Hilo nitalijibu mbele ya Mungu.

Jumamosi asubuhi akaja mwingine. Kizibao cha buluu, simu kubwa mkononi. Si yule wa maharage, huyu ni mtu mzima mwenye mvi. Akaniamkia vizuri. Akasoma kwenye simu jina, miaka, chumba cha nyuma, dawa za tarehe 17, blanketi mbili. Kila kitu kilikuwa sawa. Akasema, "Nobert hatakuya tena, Mama. Tuliona wewe ulimukatala. Biro ya Kasese imetuma mimi."

Nilifurahi, Evas. Nataka ujue hilo. Nilifurahi kwamba shirika lako limenisikiliza, limemwondoa yule mbaya na kuniletea mtu wa heshima. Nilimpikia chai akanywa yote. Akasema Mbusa anatakiwa kupigwa picha ya kadi pale ofisini karibu na daraja, saa sita atarudi.

Mbusa hakumwangalia yule mtu. Aliniangalia mimi. Akaniuliza kwa lugha yetu, mama, niende?

Nikamwambia, nenda mwanangu, hawa ni watu wa Evas.

Saa sita haikurudi na mtu. Polisi wameandika. Upande wa pili nao wameandika. Jumapili walioenda kufua waliokota kizibao cha buluu kando ya Lhubiriha, kimekunjwa vizuri kama kilichotoka kupigwa pasi. Hakuna kingine mpaka leo.

Sikuandiki ili ulie. Jana Laurentine alisimama mlangoni kwangu na mtoto mgongoni. Juzi mtu alinunua vitenge vitatu kwake na hakupunguza bei. Laurentine hajui kusoma ramani wala hana hiyo simu. Ameniuliza, "Mama Vasta, na siye tuko mule ndani?"

Nimemwambia nitakuuliza. Anangoja. Usinijibu maneno mengi.

Vasta


Bwera
Jumatano, 7 Mei 2025

Shangazi,

Barua hii haikuja na Kasim. Nimekuja nayo mwenyewe, na nimeiandikia kwenye ngazi za duka lililo mkabala na nyumba yako, kwa sababu najua nikikuona sitaweza kusema.

Ijumaa ile Nobert alinipigia akaniambia umemfukuza. Kutoka Kasese mpaka kwako ni mwendo wa saa moja na kitu. Ningefika kabla ya jua kuzama. Sikuja. Nilijiambia barua iko njiani, utaisoma, utaelewa. Ukweli ni kwamba sikutaka kuuona uso wako ukiisoma. Nilikaa Bulembia, nikampikia mtoto, nikalala.

Yule mtu alijua kwamba ulimkataa Nobert kwa sababu tarehe 22 Nobert aliandika hivyo kwenye safu ya maoni, kama tulivyomfundisha, na mimi ndiye niliyeamua safu ya maoni ionekane na wote. Kufunga linki hakukusaidia kitu. Tarehe 23 mtu alilipakua jedwali zima. Analo kwenye simu yake, nukta zote, na hakuna anayeweza kumnyang'anya. Ni nyumba mia mbili na kumi na mbili. Bi Akumu anasema tungoje kikao cha Jumatatu, na kwamba tusiwatie watu hofu. Nimeacha kitambulisho changu mezani kwake.

Mwambie Laurentine ndiyo. Kakule, mume wake, yumo, na umri wake, na chumba anacholala, na saa anazorudi nyumbani, kwa sababu mkewe alimweleza Nobert ili wapewe blanketi ya mtoto.

Ninayo orodha kwenye karatasi. Nobert yuko hapa pamoja nami. Hajaninenea neno baya tangu asubuhi, na naona ingekuwa nafuu angeninenea. Tutapita kila nyumba kwa miguu na kuwaambia wahame, na kila mlango nitasema ni nani aliyefanya hivi. Barua hii naipitisha chini ya lango lako. Ukimaliza kuisoma utoke, au usitoke, una haki zote mbili. Sisi tunaanza kwa Laurentine.

Evas